Maumivu Yaliyojibu Nzuri

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeketi kwenye foleni ya Ofisi ya Fidia, nimepakata maumivu ya mama yangu.

Yalikuwa na ukubwa wa kuku mtetea na yalivaa sweta ya kijivu. Kila nilipoyaweka vizuri mapajani yalinishukuru. "Asante mwanangu," yalisema. "Usijisumbue." Sikuwa na shaka ni ya nani. Yalikuwa yamelelewa nyumbani kwetu.

Kabla sijaendelea, niseme yale ambayo ni kweli hata nikiwa macho. Wiki tano zilizopita mama yangu alikuwa akipita kando ya barabara pale Mwanjelwa, akienda saluni anakosukia watu nywele. Pikapu ya duka moja la magodoro ikakata kona. Ilikuwa imebeba magodoro saba yaliyoviringishwa, bila kamba hata moja. Yote saba yakamshukia mama shingoni. Dereva akaruka chini akauliza, "Mama, hujaumia?" Na mama, akiwa bado amekaa vumbini, mbele ya watu wanane, akajibu, "Hamna shida, mwanangu. Niko salama."

Tangu siku hiyo hawezi kuinua mikono kupita kifua. Picha ya eksirei inasema mifupa ni mizima. Daktari ameandika kwamba zilizoumia ni tishu laini, yaani misuli na kano za shingo na bega, vitu ambavyo picha ile haivioni. Watu wakisikia kwamba ni godoro, wanacheka kwanza, ndipo wanasema pole. Wenye duka wameahidi kumpa godoro moja jipya, mradi asaini kwamba hana madai mengine. Mimi nilihitimu chuo mwaka jana na bado natafuta kazi. Nikamwandikia barua ya madai ya kurasa nne kwenda kampuni ya bima ya duka hilo. Mtathmini wao, Bwana Msofe, alisema atakuja nyumbani kumwona leo saa nne asubuhi.

Basi nilikuwa kwenye foleni.

Ofisi yenyewe ilikuwa ndani ya saluni ya mama, na hilo halikunishangaza. Karani alikaa chini ya drayer ya kukaushia nywele, kichwa chote kimezama ndani, kwa hiyo nilizungumza na kidevu chake. Ukutani kulikuwa na Kalenda iliyokuwa ikila karanga kutoka kwenye koni ya gazeti.

"Nikimaliza hizi," Kalenda iliniambia, "muda wa kudai umekwisha. Baada ya hapo hata uje na machela."

"Zimebaki ngapi?"

"Usinihesabie chakula."

Nyuma kabisa, kwenye benchi, alikaa mama. Godoro jipya, bado limo ndani ya nailoni yake, lilikuwa limekaa pembeni yake na kumwekea mkono begani kama shemeji. Mama alikuwa ameshika kalamu.

"Mama, usisaini kwanza!"

"Sisaini, Atu. Nimeishika tu. Wamenipa kwa heshima, ningekataaje?"

Kidevu cha karani kikasogea. "Utaratibu ni huu. Jeraha linaloonekana linaletwa na picha yake. Jeraha lisiloonekana linakuja lenyewe na kujieleza. Umekuja nalo?"

Niliyaweka maumivu juu ya kaunta.

"Mbona madogo?"

"Yamejikunja. Hayapendi kuwabania watu nafasi."

Karani akayainamia. "Habari za leo, Maumivu?"

"Nzuri," yakajibu. "Shikamoo."

"Marahaba." Akachukua muhuri, akagonga kwenye faili letu neno NZURI. "Anayefuata!"

"Subiri kwanza, siyo nzuri! Wiki ya tano hii!"

"Nimeuliza, yamejibu, nimeandika. Unataka nifanye nini, niyafinye? Kama hukubali, nenda mizani."

Nageuka, na saluni ni soko la viazi. Magunia yamejaa hadi mbinguni, na katikati inaning'inia mizani kubwa, ile ya ndoano. Naipa maumivu. Mshale hausogei.

"Sisomi kitu," Mizani inasema. "Na ujue mimi hata sisimizi namsoma."

Nachungulia chini. Maumivu yamejishikilia kwenye ukingo wa gunia kwa vidole vya miguu, yameubeba uzito wake yenyewe, yanatetemeka.

"Achia," nayanong'oneza.

"Sitaki kumlemea mtu."

"Ni mizani hii! Kazi yake ni kulemewa!"

"Ndiyo, lakini imeanza kazi tangu asubuhi."

Kengele ikalia, na soko likawa ukumbi wa mihadhara wa chuo chetu. Nilikuwa nimevaa joho la mahafali. Karani alikuwa mbele, drayer na yote, sasa akiitwa Mheshimiwa.

"Tuanze na uzembe," alisema. "Uzembe haupimwi hewani. Tunamchukua aliyekosea, tunamlinganisha na Mtu Mwangalifu wa Kawaida, tunauliza: huyu angefanya nini? Aitwe."

Mlango ukafunguka taratibu sana. Mtu Mwangalifu wa Kawaida alikuwa ametoka kwake tangu Jumanne. Kofia yake ilifungwa kwa uzi kwenye miwani, miwani ikafungwa kwenye masikio, na kivuli chake kilifungwa kwa mkanda kwenye kisigino kisije kikamwangukia mtu. Alitazama kulia, kushoto, kulia tena, ndipo akaingia.

"Je, wewe ungebeba magodoro saba kwenye pikapu bila kamba?" Mheshimiwa alimwuliza.

Mtu Mwangalifu akazimia. Lakini kwanza aligeuka kuhakikisha kwamba nyuma yake hakuna mtu.

"Uzembe umethibitika," Mheshimiwa alisema, na moyo wangu ukaruka kwa furaha hadi nikausikia ukigonga dari. "Tulia, binti. Uzembe ambao haukumwumiza mtu haulipwi. Nani aliumia?"

Bwana Msofe akasimama. Nilikuwa nimezungumza naye kwa simu tu, lakini ndotoni alikuwa mwembamba, mpole, amevaa futikamba ya kupimia badala ya tai.

"Mheshimiwa, sina ubaya na mama huyu," alisema. "Ninacho tu kitu alichokitoa mwenyewe."

Akatoa chupa ya soda iliyofungwa kwa kizibo. Akaifungua. Sauti ya mama ikatoka, freshi kama siku ile: *Hamna shida, mwanangu. Niko salama.*

Mashahidi wanane, waliokuwa wamebanana ndani ya koti moja, wakaitikia kwa vichwa. "Ndiyo hiyo. Tuliisikia. Hata vumbi alijipangusa mwenyewe."

Godoro nalo likaomba kusema. "Mheshimiwa, nibonyeze. Nimwumize nani mimi?"

Mheshimiwa akalibonyeza. Akapiga miayo. "Kweli," alisema kwa sauti ya usingizi.

"Tatu zimebaki," Kalenda ilisema, mdomo umejaa.

Mama akafungua kifuniko cha kalamu.

"Mama!"

"Tusigombane na watu, mwanangu. Godoro si baya. Lile letu si unajua lilivyo?"

"Na shingo?"

"Shingo itazoea."

Nikatoa barua yangu ya kurasa nne. Nilikuwa na imani nayo sana; niliiandika siku tatu. Nikaikunjua nisome, nayo ikakohoa.

"Usinisome mimi," Barua ilisema. "Nitakuaibisha. Nina 'kwa mujibu wa' kumi na moja. Vifungu navijua vyote. Mama yako simjui."

Nilibaki nimesimama na joho langu. Nilisikia karanga ikivunjika. Ndipo nikamtazama mama, anavyomtabasamia kila mtu mle ukumbini, hata waliokuwa wakimshinda, nikakumbuka jinsi wageni wanavyopokelewa kwetu.

"Mheshimiwa," nilisema, "mmeuliza mara moja."

"Tunamwuliza kila mtu mara moja."

"Kwetu ile ya kwanza haijibiwi kwa ukweli. Mtu anaweza kuja nyumba yake imeungua, ukimwuliza habari, anakwambia nzuri. Unauliza za nyumbani, anasema salama tu. Unamvutia kigoda. Na wewe unakaa. Unauliza tena. Hapo ndipo anakwambia nyumba imeungua. Hakudanganya. Alikuwa anakupa muda wa kukaa."

Bwana Msofe alitazama chupa yake tupu.

"Dereva aliuliza mara moja akiwa amewasha gari," nilisema. "Hospitali waliuliza mara moja, foleni ndefu. Na nyinyi mmeuliza mara moja."

"Basi uliza wewe," alisema Mheshimiwa. "Haraka. Kalenda inatafuna."

Nikavua joho, nikalitandika sakafuni, nikakaa mbele ya maumivu.

"Habari za leo?"

"Nzuri."

"Za nyumbani?"

"Salama tu."

Nilikaa. Maumivu yakanitazama kwa muda mrefu.

"Simu yako iko wapi?" yaliuliza.

"Sina hapa."

"Kila asubuhi unauliza 'mama, umeamkaje' macho yakiwa kwenye tangazo la ajira. Nikijibu, unasema 'haya'."

Nilitaka kusema ajira ile ilikuwa kwa ajili yake. Nikaona si wakati wake. "Nisamehe," nilisema.

"Sikukasirika. Nilikuwa nasubiri ukae."

"Nimekaa. Habari za shingo?"

Na hapo maumivu yakaanza kusema, na kila yaliposema yakakua. Yalisema mama hawezi kuanika nguo kwenye kamba. Anazitandaza juu ya michongoma, na majirani anawaambia zinakauka haraka huko. Yakawa na ukubwa wa mbuzi. Yalisema akiitwa kwa nyuma anageuka mwili mzima, kama kabati linalohamishwa. Yalisema Mama Ambakisye, mteja wake wa miaka tisa, alisukwa nusu kichwa mama akashindwa kuendelea, na mteja huyo kwa kumhurumia akamwambia, "Hii nyingine tutamalizia wiki ijayo, mwenzangu," akatoka na kilemba, akaenda kumaliziwa saluni ya ng'ambo. Mama alimwona kupitia kioo. Sweta ya kijivu ikapasuka mabega.

"Na usiku?" niliuliza.

"Usiku halali kitandani," yalisema. Sasa yalikuwa yamefika kwenye dari, lakini sauti ilikuwa ileile ya adabu. "Akilala, shingo inamwamsha. Anakaa kwenye kiti karibu na dirisha. Anazungusha khanga kwenye paji la uso, anaifunga kwenye nondo ya dirisha, ili kichwa kisidondoke akisinzia. Kukicha anaifungua kabla hujaamka. Anatandika kitanda ambacho hakukilalia."

Godoro jipya likaondoa mkono begani kwa mama.

"Hamkuniambia hilo," lilimwambia Bwana Msofe. "Mimi nitamfaa nini mtu asiyeweza kulala?" Likajiviringisha lenyewe, likabingirika hadi mlangoni, likatoka bila kuaga.

Bwana Msofe alifungua daftari lake, akafuta mstari, akauliza kwa sauti ndogo, "Khanga? Kwenye nondo?" Alikuwa anaandika. Mashahidi wanane walikuwa wanatoka ndani ya koti mmoja mmoja. Mmoja wao, kijana wa kuuza vocha, alisema, "Ila kweli. Alipojipangusa lile vumbi, mkono ulifika hapa tu."

Mheshimiwa akakitoa kichwa kwenye drayer. Alikuwa na uso wa mtu mchovu, mwema.

"Limebaki jambo moja," alisema. "Maumivu yamesema. Binti amesema. Mwenye shingo hajasema. Mama, haya ni yako?"

Wote tukamgeukia. Mama alisimama. Kalenda iliishika karanga ya mwisho kati ya vidole viwili. Mama akafungua mdomo, na mimi nilikuwa nikiomba, kwa nguvu zangu zote, asiseme nzuri.

Nikaamka.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Simu ilikuwa chini ya mto, niliiacha hapohapo. Nilisikia mama akikoka jiko uani. Niliingia chumbani kwake, kitu ambacho sikifanyi, nikasimama mbele ya kitanda kilichotandikwa vizuri sana. Kiti kilikuwa karibu na dirisha. Nilikaa juu yake, nikaegemeza kichwa.

Pale pale kichwa kilipofika, nondo ilikuwa imechubuka rangi, duara jembamba, chuma kinang'aa kwa kusuguliwa. Uzi mmoja mwekundu wa khanga ulikuwa umenasa kwenye kutu.

Mama akaingia na kikombe cha chai. Aliponiona pale kwenye kiti alisimama mlangoni.

"Atu? Unafanya nini huku?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Umeamkaje?"

"Salama."

Nikampisha kiti, nikakaa sakafuni, miguu nimeikunja.

"Umeamkaje, mama?"

"Si nimekujibu?"

"Umenijibu ile ya kwanza."

Akautazama ule uzi kwenye nondo. Kisha akageuka mwili mzima kuniangalia, akakiweka kikombe chini kwa mikono miwili, akakaa. Chai ikaacha kutoa moshi.

"Huyo wa bima anafika saa ngapi?"

"Saa nne."

"Basi lete karatasi ya kuandikia," mama alisema. "Na ukae hapahapa nitakapokuwa naongea naye. Ukinisikia nasema nzuri, niulize tena."