Bao la Damari

Lori la Operesheni ya kuhamishia watu vijijini lilifika mchana, Damari akiwa anapepeta mtama nje ya tembe lake la paa la udongo, kando ya njia ya Issuna. Melkiori, katibu wa kijiji kipya, alishuka.

"Shikamoo, mama. Siku ya kuhama ndiyo leo."

"Marahaba. Kaa tucheze kwanza."

Alikaa. Nani angelikataa bao lile? Ukisogeza kete, watu wadogo walitoka mashimoni wakaishi kama ulivyocheza. Hadithi ya redioni ilikwenda ilikotaka, wewe kazi yako kusikiliza. Hapa uliipeleka mwenyewe. Bonifasi, jirani yake Damari, alikuja kila jioni kumtafuta baoni ndama wake aliyepotea, na mara nyingi alimpata. Zizi lake lilibaki vilevile tupu, na kesho yake alirudi.

Siku ile shimo la Damari lilitoa tembe lake na kaburi la mumewe, Laurenti, ubavuni. Upande wa Melkiori likatoka lori na migambo. Damari alicheza, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kusemea. Njiani, dereva wa kweli hakuzima injini. Migambo waliokuja naye walisogea kutazama, mmoja akamwonyesha mwenzake sura yake mwenyewe shimoni.

"Hapo una pa kula," Damari alisema. "Na ukiweza kula, lazima ule."

Ndiyo sheria ya bao. Melkiori alikula kete za Damari, na kula kwenyewe kukaligeuza lori la shimoni. Melkiori mdogo akamwambia dereva azime injini. Moshi ukapanda kutoka tembe dogo, ukinuka ugali wa mtama. Zamu mbili baadaye, Melkiori hakuwa na kete hata moja safu ya mbele.

"Umenifunga, mama," alisema, na alifurahi kwelikweli. Kisha akainuka, akawapungia mkono migambo. Wakapanda na majembe juu ya tembe la kweli, wakalibomoa.

"Si nimekufunga?"

"Kwenye bao, mama. Amri imetoka juu."

Sasa Damari anakaa kijiji kipya, kwenye mstari wa vibanda vya nyasi. Asubuhi Melkiori huondoka na lori kuhamisha wengine. Jioni huja, huamkia, huomba waanzie palepale lori lilipotokea. Kila mara huamuru injini izimwe, na kila mara hulia machozi ya raha, halafu huenda kulala kwake chini ya bati.

Damari anamchukia. Anacheza naye kwa sababu lori likishageuka, Laurenti mdogo, mzima, hutoka mlangoni kutazama limesimama wapi.

Mvua ikinyesha, kibanda huvuja. Damari huvua kanga yake, akafunika bao.