Alto Peke Yake

Mjukuu wangu Daniella alipoomba nafasi ya kusomea muziki katika chuo kikuu kimoja cha Lubumbashi, barua ya maombi niliiandika mimi. Nilifanya kazi kiwandani Shituru, hapa Likasi, miaka thelathini na mmoja, na Kifaransa changu nilikisomea jioni, baada ya kazi, mpaka nikapata diploma nikiwa tayari na watoto wanne. Barua ile haikuwa na kosa hata moja. Walitaka pia ajirekodi kwa simu akiimba peke yake, bila ala. Wimbo niliuchagua mimi: wimbo wa matoleo nilioutunga mwenyewe, ambao kwaya ya parokia yetu, ninayoiongoza hadi leo, huuimba kila sikukuu.

Siku ya nne ukaja ujumbe wa sauti wa katibu wao, Mama Carmel. Tuliusikiliza jikoni, mimi, Daniella na mke wangu Émérence, aliyekuwa akichagua maharagwe.

"Bonjour Daniella. Wajumbe wa jury wamekusikiliza. Sauti ni safi, ila hawakuelewa ule ni wimbo gani. Tuma rekodi nyingine kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Isipofika, dosye yako ya maombi itafungwa."

"Hawakuelewa," nikasema. "Na ni maprofesa."

"Kambo, tusikilize kwanza," akasema Daniella. Kambo ndivyo wajukuu wanavyotuita sisi mababu huku kwetu.

Akafungua rekodi aliyoituma. So, so, so, la, so, so. Nilikaa nikisubiri wimbo uanze. Ukaisha.

"Njo vile Mama Fortunée wa jirani anaitaka kuku yake ikuje kula," Émérence akasema, bila kuinua macho.

"Uliimba alto, sauti ya pili," nikamwambia Daniella.

"Minye niko alto, Kambo. Ulitaka niimbe nini?"

Alipokuwa na miaka minane nilimweka alto, kwa sababu soprano mtu yeyote anaweza, alto inataka masikio. Na kwaya yangu ilikuwa na sheria: hakuna kuimba sauti ya mwenzako, hata nyumbani ukiosha sahani. Alikuwa ameuimba wimbo ule labda mara mia mbili, na hata siku moja hakuwa ameimba soprano, sauti yenyewe inayoubeba.

"Basi imba soprano."

Mstari wa kwanza akaenda vizuri, wa pili pia. Mstari wa tatu, mahali sauti zinapokaribiana, akateleza akarudi alto. Mara sita. Alhamisi alasiri ikawa vilevile, naye akaweka simu mezani.

"Weye ulinifunga umo, Kambo," akasema polepole. "Sasa unanifukuza."

Mfukoni nilikuwa na barua niliyokwisha kuanza, ya kuwaeleza jury maana ya alto. Ilikuwa imefika ukurasa wa pili. Niliiacha humo humo. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, nikampa do, na alto nikaiimba mimi mwenyewe, kwa sauti nyembamba ya juu, mimi mwenye miaka sabini na minne, mtu wa bass tangu ujana.

Émérence alijifunika mdomo kwa kitambaa. Nyuma ya ukuta jirani yetu Symphorien, tenor wa kwaya, akaita, "Maestro, weye uko mugonjwa?"

"Endelea na kazi yako," nikamjibu.

Mstari wa tatu ulipofika, Daniella alikuta nafasi yake imekaliwa. Akanitazama, akapanda juu.

Tulirudia mpaka koo langu likakauka. Ijumaa asubuhi ilibidi aimbe peke yake, kama walivyotaka. Nilimpa do ileile ya rekodi ya kwanza, nikatoka uani, nikasimama dirishani anione, tayari kuchezesha midomo bila sauti. Alipofika mstari wa tatu hakuwa ananitazama. Alikuwa amefumba macho.

Alituma rekodi saa nne, pamoja na maneno yake mwenyewe: "Hii ni sauti ya kwanza. Ile mulisikia mbele ilikuwa ya pili. Mukiziweka pamoja mutasikia wimbo."

Jumatatu Mama Carmel akapiga simu. Daniella amepokelewa, masomo yanaanza Oktoba. Akasema jury waliweka simu mbili mezani, wakafungua rekodi zote mbili pamoja, kisha mmoja wao akauliza bass iko wapi.

"Mubaambie iko Likasi," Émérence akasema karibu na simu, "inakunywa dawa ya koo."

Sheria yangu nimeifuta. Sasa kila mwezi wanakwaya wanabadilishana sauti. Symphorien yuko bass tangu wiki mbili na analalamika kila mazoezi. Nimemwambia bado wiki mbili.