Harufu Chini ya Manukato

Katika duka letu la manukato kazi tuliigawana hivi: wifi yangu anachanganya, mimi navaa. Yeye hukaa nyuma ya pazia na sirinji isiyo na sindano, anavuta mafuta tone kwa tone, anaongeza spiriti, anatikisa chupa na kuandika tarehe. Mimi kila asubuhi najipulizia aina moja, mikononi na nyuma ya masikio, kisha nakaa mbele na watu. Mpaka jioni wateja wawili watatu wanakuwa wameshaniuliza nimevaa nini. Mume wangu, ambaye ni kaka yake wifi, alikuwa akitutania kwamba mmoja wetu ni mpishi na mwingine ni sahani.

Miaka sita nimekuwa sahani, na nilijijua vizuri. Nikivaa limau natembea haraka na simpunguzii mtu bei. Waridi linanifanya niseme polepole, hata wazee wananiita binti siku hiyo. Msandali niliuweka kwa siku za mvua, unakaa karibu na mwili kama fulana ya ndani, na nikiuvaa nasahau kula. Miski sikuipenda kamwe. Niliivaa kwa kuwa inauzika, lakini kutwa nzima nilihisi kuna mtu amesimama nyuma yangu, na mara mbili niligeuka kumkaribisha mteja asiyekuwepo.

Ilianza siku ya limau, Jumanne, saa nne asubuhi, nikifuta vumbi kwenye rafu ya vioo. Chini ya limau nikasikia harufu ya nguo inayoungua kwa pasi. Pamoja nayo ikaja hofu, hofu isiyo na mwenyewe, na nikawa na hakika kwamba nimewahi kusimama pale pale na kitambaa kile kile, na kwamba kitakachofuata ni kibaya. Kisha vyote vikaondoka. Sidhani ilifika nusu dakika.

"Wifi, umeacha kitu kwenye moto?"

"Moto gani? Hata chai sijachemsha."

Alhamisi nilivaa waridi, ikaja tena, kali zaidi. Mume wangu ni fundi umeme. Nilipomweleza alikuja na bisibisi zake, akafungua soketi zote, akapanda mpaka darini. Alishuka na utando wa buibui kichwani.

"Nyaya zenu ni nzima kuliko mimi," alisema.

Basi lawama nikaihamishia kwenye spiriti. Mwezi ule wifi alikuwa amebadilisha muuzaji, nikamwambia ametuletea uchafu. Akasema spiriti ni ile ile. Nikamnyooshea mkono.

"Nusa hapa."

Akanusa kwa muda mrefu, macho amefumba. "Msandali. Msandali mzuri tu."

"Na chini yake?"

"Chini yake ni wewe."

Nikaona ananificha. Kesho yake, alipotoka kidogo, nilimwaga chupa kumi na moja kwenye sinki la nyuma. Aliporudi alikunja mikono ya gauni. Alizikusanya zile chupa tupu, akazisuuza moja moja, akazipanga zikauke. Kwa siku nne tukawa watu wa salamu tu. Yeye ni mpole kwa tabia, hajui kugomba, na mimi nikauchukua ukimya wake kuwa ndio ushahidi.

Jumapili duka halifunguliwi. Nilioga kwa sabuni isiyo na manukato, nikavaa gauni lililoanikwa juani tangu jana, sikujipulizia chochote. Nilikaa jikoni nachambua mchele, na moyo wangu ulikuwa umeanza kutulia. Ikaja. Pasi, nguo, moshi. Safari hii haikuwa chini ya kitu. Ilikuwa peke yake, na hapakuwa na chupa ya kuisingizia.

Mume wangu alikuwa sebuleni anasikiliza mpira redioni. Nikaendelea kuchambua mchele.

Sikumwambia mtu. Mficha maradhi, mama yangu alikuwa akisema, na methali yenyewe hakuimalizia, maana kila mtu anajua inavyoishia. Nilijiambia nimechoka. Nilijiambia ni mafua. Nikaanza kujipulizia zaidi, mikononi, shingoni, mpaka kwenye mtandio, na bado kila baada ya siku mbili tatu mtu alikuwa anapiga pasi ndani ya kichwa changu.

Jumatano moja sikumbuki hata nilivaa nini. Ninachokumbuka ni mwalimu mstaafu, mteja wetu wa siku zote, akifungua pochi yake. Halafu pochi imefungwa, mwalimu amesimama mlangoni na miwani mkononi, mimi nimekaa chini, na wifi amenishika mabega.

"Umerudi?" aliniuliza.

"Nilikwenda wapi?"

Mwalimu alimtazama wifi. "Mwambie, binti yangu. Asipoambiwa na wewe ataambiwa na nani?"

"Ulikuwa unatafuna mate," wifi alisema. "Unasugua mkono wako kama unafuta doa. Macho wazi. Nimekuita mara tatu."

"Nilikuwa nawaza tu."

"Hukuwa unawaza, wifi yangu. Ile harufu, bado unaisikia?"

Nikatikisa kichwa kukataa. Kisha nikashindwa kuendelea na uongo, nikalia kama mtoto mbele ya mteja.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, ana kalamu tatu mfukoni. Kabla ya kuifungua picha ya kichwa changu alimwomba mume wangu akae, na hapo ndipo nilipojua. Alituonyesha kidoa cheupe, ukubwa wa punje ya haragwe, upande wa kulia, ndani, kwenye usawa wa sikio.

"Hapa ndipo kichwa kinapotambua harufu," alisema. "Pakisumbuliwa, mtu anasikia moto usiokuwepo."

Mume wangu aliitazama ile picha kama anavyotazama ukuta wenye waya uliokatika. "Kinatoka?"

"Tutajaribu."

Walikitoa, ila si chote. Kipande kimoja kimeshikamana na mshipa ambao hawakuthubutu kuugusa. Nikarudi nyumbani nimenyolewa upande mmoja, na dawa za kumeza asubuhi na jioni. Wifi alikuja kunikanda miguu. Nikamwomba radhi kwa yale maneno na kwa zile chupa kumi na moja.

"Katika zile ulimwaga na miski," alisema. "Ile hata mimi sikuipenda."

Tulicheka mpaka mshono ukaniuma.

Miezi mitano ikapita kimya. Nilirudi dukani, nikavaa limau, likawa limau tu, mwanzo mpaka mwisho. Mume wangu na wifi walikuwa wakinitazama kwa pembe za macho, nami nilijitia sioni.

Wiki tatu zilizopita, nikiwa napanga maboksi, ikanijia harufu nyingine. Si ya kuungua. Ilikuwa kama kichwa cha mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa, na udongo uliolowa, na kitu cha tatu nisichoweza kukitaja. Haikuja na hofu yoyote. Nilisimama na boksi mikononi, na ilipoondoka nilihisi nimenyang'anywa kitu.

Wifi alipotoka nilifungua kila chupa ya duka na kunusa. Haimo. Ikarudi mara ya pili, ya tatu, ya nne. Juzi nilijikuta nimebeba kiti mpaka kwenye yale maboksi, nimekaa, nimekunja mikono, nasubiri. Niliwaacha wateja wawili wakaondoka bila kuhudumiwa.

Leo asubuhi nilipiga moyo konde, nikainua pazia na kumwambia. Wifi aliiweka sirinji mezani. Safari hii hakuuomba mkono wangu aunuse.

"Ikoje?" aliuliza.

"Nzuri," nilisema. "Nzuri sana, wifi."

Uso wake ulibadilika zaidi kuliko siku ile ya mwalimu. Alimpigia kaka yake, akamwambia tukutane hospitali sasa hivi, akaligeuza bango la mlangoni lisomeke TUMEFUNGA, akachukua funguo.

"Vaa viatu twende."

Nikainama kufunga kamba. Nilizifunga taratibu, nikazifungua, nikazifunga upya, nikitumaini ile harufu itakuja mara moja tu kabla hatujatoka.