Mbuzi Hakuulizwa

Kwa miaka ishirini na miwili mzee yule alifundisha vivuli, na watu wakamwita Mwalimu wa Vivuli mbele yake na nyuma yake. Kila Jumapili baada ya ibada alibandika karatasi kubwa ukutani katika chumba cha nyuma cha kanisa. Upande wa kushoto aliandika kwa wino mweusi mambo ya kale: mwanakondoo wa usiku wa kutoka Misri, nyoka wa shaba jangwani, nabii tumboni mwa samaki. Upande wa kulia, kwa wino mwekundu, neno moja lilirudiwa toka juu hadi chini: Masihi. Yote ya kale, alisema, yalikuwa kivuli kilichotangulia. Mwenye kivuli alikuwa njiani.

Jumapili ile ilikuwa zamu ya mbuzi wa Azazeli, na mzee hakuwa amelala vizuri wiki nzima. Sababu yake ilizoea kukaa benchi la pili. Ni mwanamke wa makamo aliyejiunga na darasa mwezi uliopita. Zamani walifanya kazi pamoja katika chumba cha kufulia nguo za hospitali, mzee akiwa msimamizi wa zamu, mama akipiga pasi.

Aliingia amechelewa, anahema.

"Mama Plagi kafika!" kinyozi akapiga kelele kutoka nyuma. "Leo umerudi nyumbani kukagua mara ngapi?"

"Mara tatu. Ya nne nimejikaza."

"Na wewe unapikia mkaa, dada! Plagi ya nini?"

"Cheka tu. Wewe hujawahi kuunguza mali ya hospitali."

Darasa zima likacheka, na mama akacheka nao. Mzee alijifanya anatafuta miwani, nayo ilikuwa puani.

Miaka kumi na moja iliyopita pasi iliachwa ikiwaka, na rafu nzima ya mavazi ya chumba cha upasuaji ikateketea. Mama akafukuzwa. Tangu hapo hakuiamini mikono yake. Kazi ya pasi aliikataa kila alipoitiwa. Hata mjukuu wake hakuwahi kumwogesha akiwa peke yake, akihofu atamsahau majini.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa mzee mwenyewe. Jioni ile mama alizima, akafunga, akaenda zake. Mzee ndiye aliyerudi na ufunguo wake kunyoosha suruali, maana alikuwa anakwenda kupokea cheti cha masomo ya jioni, cha kwanza katika ukoo wao. Akatoka mbio, mkunjo wa suruali umesimama kama kisu.

Kesho yake bosi alipofoka, mzee aliweka mkono begani kwa mama na kusema kwa upole, "Msamehe, bosi. Huyu mama amechoka, na binadamu husahau." Wafanyakazi wakamsifu kwa huruma yake. Mama alisema mara moja tu, "Lakini nilizima." Kisha akaitazama mikono yake.

Sasa mzee aligonga karatasi kwa rula. "Mbuzi walikuwa wawili. Mmoja alichinjwa. Wa pili, kuhani aliweka mikono yote miwili kichwani pake, akayaungama makosa ya watu juu yake, kisha mbuzi akapelekwa jangwani nayo. Ndivyo Masihi alivyobeba ya kwetu."

Mama akanyoosha mkono. "Mwalimu, yule mbuzi aliulizwa?"

"Aliulizwa nini?"

"Kama anakubali. Masihi alikubali mwenyewe, umetufundisha. Mbuzi je?"

"Ukimuuliza atakujibu mee!" kinyozi akadakia.

Jibu mzee alikuwa nalo, na lilikuwa sahihi: kivuli hakiwezi kulingana na mwenye kivuli. Amelitoa mara nyingi. Leo hakulitoa.

"Hakuulizwa," alisema.

"Maskini. Huenda alifika huko jangwani akidhani ni yeye aliyekosa."

Hakukuwa na kijembe katika maneno hayo. Alimhurumia mbuzi tu. Mzee alikuwa amepanga kumwita mama pembeni baada ya darasa, kama alivyopanga Jumapili nne mfululizo, na kila kesho ilikuwa imezaa kesho nyingine. Akaweka rula chini.

"Dada, ulizima."

"Nilizima nini?"

"Pasi. Ulizima, ukachomoa plagi, ukatundika waya kwenye msumari. Nilikuta hivyo. Mimi ndiye niliyeichomeka tena, nikaiacha."

"Mzee, acha utani," kinyozi alisema, lakini hakuna aliyecheka.

Mama hakulia. "Waya ulikuwa kwenye msumari?"

"Kwenye msumari."

"Umeviringwa?"

"Mara nne, kama ulivyozoea. Dada, naomba uni..."

Mama akainua kiganja. "Hiyo baadaye. Rudia pale pa msumari."

Akarudia. Akaambiwa arudie tena. Mara ya tatu mama alikuwa amefumba macho, vidole vyake vikizunguka hewani polepole, mara nne.

"Na ulivyonishika bega mbele ya bosi," alisema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Mama akachukua mkoba wake, akasimama. "Haya, twende. Utamwambia bosi, kisha binti yangu, kisha wote tuliofua nao. Mimi nikisema, watasema Mama Plagi amezidiwa."

"Leo?"

"Kwani mimi nilipewa kesho?"

Walitembea mitaa miwili, mama mbele kwa hatua za haraka, mzee nyuma na magoti yake mabovu. Hakugeuka kumngoja. Mlangoni kwa bosi wao mstaafu mzee alikohoa, akaanza kupanga maneno mazuri, maneno ya mtu aliyesoma.

"Usiyapambe," mama alisema, akabisha hodi. "Sema kama ulivyoniambia mimi."

Mlango ukafunguliwa. Mzee akavua kofia, na hata salamu hakutoa.

"Mimi ndiye niliyeunguza," alisema.