Jicho Lisilofumba

Mama mdogo anafanya kazi usiku kwenye kiwanda cha mikate na kulala mchana. Kwa hiyo kazi yangu huanza nikitoka shule, kabla hata sijavua sare.

Asubuhi moja alirudi mdomo umekwenda upande, chai inamchuruzika kidevuni, na jicho la kushoto halifumbi. Daktari alisema ni mshipa wa fahamu wa uso, utapona wenyewe, labda miezi mitatu. Ila jicho haliwezi kungoja. "Lisipopepesa linakauka. Likikauka, kioo chake kinachubuka, na hapo mtu anaweza kupoteza uoni." Akiwa macho, matone kila saa. Akilala, dawa ya mafuta ndani ya kope la chini, halafu kope la juu lishushwe libandikwe plasta. "Mafuta yatamtia ukungu. Atalalamika, msijali."

Mikono ya bibi inatetemeka. Mama mdogo akijaribu mwenyewe anajipaka shavuni. Nikabaki mimi, ambaye hata mwalimu akiniuliza jina langu naangalia viatu.

"Konokono wangu," mama mdogo akasema, ndivyo anavyoniita, "safari hii utamwangalia mtu usoni utake usitake."

Siku ya kwanza niliweka kweli. Nilivuta kope la chini, yeye akajaribu kufumba, na mboni ikapanda juu ikapotea. Likabaki jeupe tupu, linanitazama bila kunitazama. Nikakamua haraka, halafu tyubu ikanidondoka. Usiku ule nililala na taa.

Siku ya pili nikamwambia, "Wewe sinzia tu, nitaweka baadaye, hutasikia." Alipoanza kukoroma nikarudi. Kope lilikuwa nusu wazi, na ule weupe ulikuwepo. Nikageukia ukutani, nikaweka pamba juu ya jicho kwa kupapasa, nikabandika plasta. Mafuta nikayakamulia kwenye karatasi ya chooni, kidogo tu, ili tyubu ionekane inapungua.

Nikafanya hivyo siku nne.

"Mjukuu wangu ana mkono mwepesi," bibi akawa anajisifu kwa jirani. "Mgonjwa mwenyewe hata huo ukungu hauoni!"

Siku ya sita mama mdogo aliamka anajifuta jicho. "Kuna mchanga humu." Jicho lilikuwa jekundu kama nyanya.

"Labda unga wa kazini," bibi akasema.

"Ndiyo, unga," nikasema.

Kesho yake tukaenda kwa daktari wote watatu. Daktari akamgusisha jichoni kikaratasi cha rangi ya machungwa, akawasha taa ya buluu. Kwenye kioo cha jicho kukatokea mchirizi wa kijani, unang'aa, pale palipochubuka.

"Mafuta anawekewa?"

"Kila siku!" bibi akadakia. "Tyubu hii hapa, inakaribia nusu."

Daktari akaigeuzageuza, akashusha pumzi. "Basi mafuta hayatoshi. Itabidi tushone pembe za kope zishikane, jicho libaki na upenyo mdogo. Leo hii. Mshipa ukipona tutafungua."

Mama mdogo hucheka hata akiungua na tanuri. Sasa alinishika mkono kwa nguvu. "Kushona kope? Na sindano?"

Daktari alishaanza kuandika. Kalamu ikawa inakwenda, inakwenda. Nilijua ikifika mwisho wa karatasi ndiyo basi.

"Sikuweka."

"Amesema nini huyu?" bibi akauliza.

"Sikuweka mafuta. Nilikuwa nafunga pamba tu. Mafuta nilikamulia kwenye karatasi."

Mama mdogo akauachia mkono wangu.

"Pamba ilikuwa inagusa jicho?" daktari akauliza.

"Sijui. Nilikuwa naangalia ukutani."

Daktari akaweka kalamu chini. "Hiyo ni habari nyingine kabisa. Jicho kavu limekwanguliwa na pamba. Nawapa siku tatu, na dawa ya kuzuia vijidudu. Mafuta kwelikweli, pamba marufuku. Mchirizi ukipungua, hatushoni. Usipopungua, tunashona."

"Na kazi hii apewe mtu mwingine," bibi akasema.

"Nani?" daktari akauliza.

Bibi akatazama mikono yake.

Njia nzima mama mdogo alitembea mbele yetu. Nyumbani akajilaza, akanirushia tyubu. "Haya. Weka."

"Mama mdogo, naogopa."

"Unaogopa nini? Jicho lako hili?" Halafu sauti ikamshuka. "Mimi nikilala sijui litaamka linaona au halioni. Nani aogope hapo?"

Nikajikaza kisabuni. Nikavuta kope la chini. Mboni ikapanda, ule weupe ukaja, na safari hii niliutazama. Nikakamua mstari mfupi kama punje ya mchele, ukatua ndani. Mboni ikashuka taratibu, ikanitafuta.

"Unaniona kwa jicho hili?"

Akafumba la kulia. "Sioni kitu. Uso wako umeyeyuka kama siagi."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Kumbe. Siku zote hizo nikiamka nilikuwa nakuona vizuri nalo, nikafikiri napona."

Nikashusha kope la juu mpaka likakutana na la chini, nikabandika plasta. Akaanza kukoroma. Nikainama kuangalia kama imeshika. Nikakaa kidogo, nikainama tena.