Wastani Umeshuka

...na eti tupige makofi, mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyeanza, mstari wa grafu ukutani unateremka vizuri kweli, muda wa kusubiri ukurasa wa miadi ya hospitali umepungua nusu, "Hizi ni takwimu za wageni halisi wa tovuti, si za kupikwa ofisini," anasema akinitazama, kwa sababu kipimo nilikiweka mimi, kila mgonjwa akifungua ukurasa simu yake inatuletea muda aliosubiri, simu yake hasa, mtandao wake hasa, nilikesha nacho mpaka macho yakaniuma... macho, yangu yakiuma daktari yuko ghorofa ya chini, mama kule mbali kwa dada anapapasa ukuta kwenda chooni, mtoto wa jicho amemtanda macho yote mawili na bila miadi hapokelewi mtu, na dada anayemtafutia miadi, kwenye simu juzi, sauti kavu, "Tovuti yenu inazunguka tu, mdogo wangu, mimi nimeacha," nikamwambia ajaribu tena, sasa ina kasi, nina takwimu, Mungu wangu, nilimwambia nina takwimu, akasema, "Basi mletee mama azisome"... "Na kule mbali kulikokuwa kukitusumbua," mkurugenzi anagusa ramani, "hakuna tena hata doa jekundu," kweli hakuna, ni kweupe, kweupe mno, hebu ngoja... kipimo kinatuma muda ukurasa ukishamaliza kufunguka, usipomaliza hakitumi kitu, na dada alikuwa akifunga kabla, kila alipofunga hakuwa mgeni, hakuwa halisi, hakuwepo kabisa, wenye simu kuukuu wameondoka wote, wamebaki wenye simu za bei mbaya, wastani utakosaje kupendeza, hatukuharakisha chochote, tumewachosha watu tu, nachukia mstari ule, nachukia hii rangi yake ya kijani... "Kwa hiyo kazi hii tuifunge, tuhamie kwenye mambo mengine," anasema, mhasibu anaitikia kwa kichwa, ikifungwa hakuna atakayeugusa ukurasa ule tena na mama atabaki na ukuta wake, lakini nikisema nitaambiwa nina kijicho na sifa za wenzangu walioushughulikia ukurasa, kijicho, hata neno lenyewe lina jicho ndani... "Tumekubaliana?" kimya, na kimya chetu anakihesabu ndiyo, kama tulivyokihesabu cha dada, makofi yanaanza tena, jirani yangu ananisukuma kwa kiwiko, "Piga basi, sifa zako pia hizi," mikono yangu iko mapajani, na leo haitoki hapo.