Koti la Dume kwa Dudley

Tulikuwa tumeshatoka getini kwake, vumbi limeshafunga njia nyuma yetu, ndipo Thelma Quodling aliponiambia kwamba huko tunakokwenda tumekatazwa.

"Tumekatazwa nini?"

"Si sisi. Dudley."

Dudley alikuwa amekaa katikati yetu kwenye pikapu, mbwa mweusi wa aina ya labrado, mwenye kichwa kama ndoo, pua kaiweka juu ya gia. Kila nilipobadili gia nilimsukuma pua, naye kila mara alinitazama kama mtu aliyekanyagwa kidole kanisani.

"Merv Stanbridge, msimamizi wa banda la sufu, alinipigia simu Alhamisi," Thelma akasema. "Akasema, njoo, Thelma, tunakuhitaji, ila mbwa mwache nyumbani, manyoya yake yataingia kwenye sufu."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia simu inakatika. Kisha nikaikata. Kanyaga mafuta, Lofty. Kupima kunaanza saa nne."

Thelma alipanga madaraja ya sufu katika mabanda ya kunyolea kondoo ya wilaya ile kwa miaka thelathini na moja. Nimefagia chini ya meza yake katika mabanda matatu, miaka tofauti, nikiwa njiani kwenda kwingine, na sijaona mikono kama ile. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mwamuzi wa sufu kwenye maonyesho ya kilimo ya Bungarley. Kisha macho yakaanza kufifia, yakaisha. Miaka miwili mizima alikaa nyumbani, na meza yake wakampa shemeji wa Merv, mtu ambaye, kwa maneno ya Thelma, angelitunuku utepe wa bluu wa mshindi hata tambara la kudekia. Halafu akaenda mjini kwenye shule ya mbwa wanaoongoza vipofu, akarudi na Dudley, akawaandikia watu wa maonyesho kuomba meza yake. Wakasema ndiyo. Habari ya mbwa ikaja baadaye.

"Sheria iko upande wako," nikamwambia. "Mbwa kama huyu anaingia hospitali. Na polisi lazima atakuwepo pale, anakula soseji. Tumwite."

"Nikiingia na polisi, watanipisha mlangoni, na mwaka mzima watasema nimewaharibia sufu. Sitaki kupishwa. Nataka waniingize wenyewe." Akampapasa Dudley kichwani. "Leo nisipofika kwenye ile meza, Lofty, watanitafutia kiti kivulini na kikombe cha chai. Kila mwaka watakuja kwa zamu kunishika mkono na kuniuliza kama nakumbuka. Bora nife."

Tulifika saa tatu na nusu. Joto lilikuwa limeshaanza kuyaumiza mabati. Wapasua magogo wa mashindano walikuwa wananoa mashoka, akina mama wa hema la chai wanapanga skonzi, na mahali fulani jogoo alikuwa analalamikia kuoshwa. Dudley alivaa mkanda wake wenye mshikio, Thelma akaushika, wakakata umati kama watu wawili wanaokwenda benki.

Mlangoni pa banda la sufu alisimama Merv, mrefu, kofia imekaa sawasawa, kitabu cha kanuni kwapani.

"Thelma! Umependeza."

"Nitajuaje, sijioni. Toka mlangoni, Merv."

"Wewe pita. Huyu hapana."

"Huyu ni macho yangu. Unataka niyaache kwenye pikapu, kwenye jua hili?"

Merv akafungua kitabu. "Kifungu cha kumi na moja. Mbwa asiingie banda la sufu kwa sababu yoyote ile. Sikukiandika mimi. Alikiandika babu yangu."

"Babu yako alikuwa na mbwa saba na mswaki hakuwa nao. Nilimjua."

Watu wakacheka, lakini si wote. Kule watu wanaogopa unyoya mweusi kuliko ukame. Unyoya mmoja ukipita bila kuonekana mpaka kiwandani, unakuja kutokeza kwenye suti nyeupe ya bwana harusi ng'ambo, na robota zima linarudi na matusi juu. Kwa hiyo Merv hakuwa mwendawazimu. Alikuwa na haki kidogo, na mtu mwenye haki kidogo ndiye mgumu zaidi kumwondoa mlangoni.

Umati ukakua. Mpasua magogo mmoja akapaza sauti, "Mwache aingie, Merv! Mbwa mwenyewe ana adabu kuliko shemeji yako!"

"Shemeji yangu hatoki manyoya!"

"Kaishiwa, si hatoki! Mvue kofia tuone!"

Aliyezozaniwa, yaani Dudley, alijilaza kwenye kipande chembamba cha kivuli, akaanza kukoroma.

Hapo akaja Dulcie Prout, katibu wa maonyesho, mwanamke mfupi mwenye kalamu mbili kwenye nywele na ya tatu aliyokuwa anaitafuta. Alisikiliza pande zote mbili kwa muda wa kumeza kipande cha skonzi, kisha akasema, "Tatizo ni manyoya kudondoka, siyo? Basi tumvike koti."

Kule kondoo wa mbegu huvalishwa makoti ya turubai mwaka mzima, vumbi lisiingie kwenye sufu. Ni jambo la kawaida kiasi kwamba hakuna aliyecheka. Watu wawili wakaenda mbio kwenye mazizi ya madume. Ubishi uliofuata ulikuwa wa vipimo.

"Huyu saizi yake ni ya jike la miaka miwili."

"Jike? Na mabega hayo? Mletee la dume!"

"La dume litaburuzika."

"Wewe ulishona makoti mangapi katika maisha yako?"

"Nimevua mengi kuliko uliyoshona!"

Likaja la dume. Wakamwamsha Dudley, wakampitisha miguu ya nyuma kwenye vitanzi, wakamfunga kifuani. Alisimama bila kutikisika, kama mtu anayepimwa nguo ya mazishi. Mgongoni koti lilikuwa na maandishi ya rangi nyekundu: DUME – HAUZWI.

"Amekaaje?" Thelma akaniuliza.

"Kama askofu aliyekosea mlango."

Merv alimzunguka mara moja, mikono nyuma. Nikadhani yamekwisha. "Kichwa kiko nje," akasema. "Na mkia."

"Merv Stanbridge," Thelma akasema, na sauti yake ikashuka, nasi tuliowahi kufanya kazi chini yake tukakaa sawa bila kutaka. "Ndani humo kuna sufu za kondoo wangapi?"

"Ishirini na tatu."

"Ameingia mbwa humo tangu jana?"

"Hajaingia mbwa humo tangu banda lijengwe."

"Basi hamisheni meza moja, iwekeni hapa kizingitini. Nileteeni moja moja. Nikikuta unyoya wa Dudley, narudi nyumbani na meza mpe yeyote unayemtaka, hamtanisikia tena. Nikikuta unyoya wa mbwa mwingine, maana yake mbwa wako ndani siku zote na kifungu chako kimelala. Hapo utanishika mkono mwenyewe mpaka ndani, mimi na Dudley wangu."

Niliona Merv anapiga hesabu. Sufu alikuwa ameilinda tangu jana asubuhi, alikula chakula chake amekaa juu ya gunia mlangoni. "Haya," akasema. "Sawa."

Meza ikaja, ile ya fito, wanaume wanne wakiibeba kama jeneza. Namba moja ikatandazwa juu yake. Thelma akampa Dudley ishara akalala miguuni, akanawa mikono kwenye ndoo, akaikung'uta. Kisha akaishusha kwenye sufu.

Watu wakasogea kumwangalia Thelma. Alikuwa anaingiza vidole chini kabisa, anafungua sufu kama mtu anayefungua kitabu katikati. Alivuta kishungi kimoja cha sufu, akakishika ncha zote mbili karibu na sikio, akakipiga kwa kidole. Kikalia, ting, kama uzi wa gitaa. "Nzima hii. Safi. Pelekeni."

Ya pili ililia vibaya. "Mwambieni mwenye hii kondoo wake walikosa majani Agosti. Inakatikia katikati."

"Septemba," sauti ikasema kwa unyonge kutoka nyuma.

Ya tatu ilikuwa na mbegu za miiba. Ya nne safi. Kwenye ya tano vidole vikasimama, vikarudi nyuma, vikachomoa kitu ambacho mimi mwenye macho sikukiona mpaka alipokiinua. Akakipitisha mdomoni. "Paka."

Mama mmoja wa hema la chai akawa mwekundu kama jemu yake. "Huwa analala kwenye kapu la sufu," akasema. "Mara moja moja tu."

"Paka si mbwa!" Merv akadakia. "Tuliongea habari za mbwa!"

"Tuliza moyo, Merv. Namba sita."

Sita, saba, nane, hamna kitu. Dudley akahema ndani ya koti lake. Merv akaanza kutabasamu, akavua kofia akajipepea. Nami nilikuwa nimeanza kufikiria ile safari ya kurudi, kilomita sitini za kimya.

Namba tisa ilipotandazwa, watu wa sufu walio karibu walivuta pumzi. Ilikuwa nyeupe, laini, mawimbi yake madogo yamepangika. Thelma alikaa nayo muda mrefu. Alipiga kishungi, kikalia vizuri kuliko vyote. Alitabasamu peke yake. Kisha mkono wa kushoto ukasimama.

"Lofty. Njoo uone rangi."

Alikuwa ameubana kati ya kidole gumba na cha shahada. Mfupi, mgumu, umenyooka kama sindano.

"Ni wa mbwa huu," akasema. "Rangi gani?"

"Nyekundu."

Watu wote wakamtazama Dudley, mweusi kuanzia pua mpaka mkia. Kisha, bila mtu kusema, vichwa vikageuka taratibu kuelekea maegeshoni, kwenye pikapu ya Merv. Nyuma yake alikuwa amefungwa Sarge, kelpi, mbwa mzee wa kuchungia kondoo, mwekundu kama kutu. Alipoona umati wote unamtazama alisimama, akatikisa mkia.

Dulcie akaifunua kadi ya namba tisa, iliyokunjwa ili jina lisionekane. Alisoma kimoyomoyo, akaikunja, akaifunua tena.

"Stanbridge," akasema. "M. J."

Kicheko kilichopasuka pale kiliwasimamisha hata farasi uwanjani. Mpasua magogo yule alilazimika kuweka shoka chini. Merv alisubiri kipungue.

"Kelpi wengi ni wekundu," akasema.

"Ni kweli," Thelma akajibu. "Na hapa kuna wa pili. Na wa tatu uko upande huu."

Merv akaiweka kofia yake kichwani, akaivua tena. Aliposema tena, alisema na Thelma peke yake. "Wakati wa baridi namlaza juu ya sufu bandani kwangu. Ana miaka kumi na mbili. Mifupa inamuuma."

Thelma hakuwa amecheka tangu mwanzo, na sasa pia hakucheka. "Alale palepale," akasema. "Kazi ya kuokota manyoya ni yako."

Merv akafunga kitabu cha kanuni, akampa Dulcie. Akaja upande wa Thelma akatoa kiwiko, na Thelma akakitafuta kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa kwenye mshikio wa Dudley. Wakapita mlangoni watatu kwa pamoja, jambo lililohitaji kusukumana kidogo kwa sababu ya lile koti.

Alipima zote ishirini na tatu, akianza upya kutoka namba moja. Ilimchukua mpaka saa saba. Namba tisa aliipa alama tisini na tatu, akatoa tatu kwa ajili ya manyoya, zikabaki tisini. Utepe wa bluu ukaenda kwa namba kumi na saba, iliyopata tisini na moja.

"Tatu!" Merv akalalamika. "Kwa manyoya mawili?"

"Yalikuwa matatu."

"Umetoa mawili. Nilihesabu."

"Wa tatu nimekuachia uutafute mwenyewe, tuone kama macho yanasaidia."

Nilipopita pale saa kumi kwenda kuchukua pikapu, Merv alikuwa bado ameinamia meza, miwani mbili usoni, na shemeji yake anamshikia tochi.

Kamati ilikaa vikao vitatu ikabadili kifungu cha kumi na moja. Mbwa waongozaji wanaingia mabanda yote isipokuwa la kuku, na hilo la kuku lilifutwa mwaka uliofuata baada ya barua kutoka serikalini. Thelma alipima sufu Bungarley kwa maonyesho manne zaidi. Baridi yabisi ikaingia vidoleni, akaacha mwenyewe, akahamia mji wa Dubbo kwa binti yake. Dudley alistaafu akiwa na miaka kumi, akanenepa, akafa kwenye zulia la jikoni. Thelma hakuchukua mbwa mwingine. Sarge alikufa zamani kabla ya Dudley, majira ya baridi ya mwaka ule wa koti. Merv aliacha usimamizi wa banda, sasa anakata tiketi getini. Shemeji yake aliuza kondoo wote akapanda zabibu. Dulcie bado ni katibu. Mimi nilikwenda kaskazini kufanya kazi kwenye shamba la miwa, nikakaa miezi mitano, nikaondoka.